Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane

Picha hii inajulikana Kolwezi. Kijana amesimama kando ya barabara, malori ya madini yanapita, vumbi linapanda. Kifuani ameshika mtoto wa mbwa wa aina ndogo, mwenye manyoya mengi, asiyeshinda kiatu kwa ukubwa. Gari inasimama. Mtoto aliye kwenye kiti cha nyuma ameshampenda. Baba anauliza: «Ana muda gani?» Kijana anajibu bila kusita: «Miezi miwili, papa.» Bei inapunguzwa, franga zinahesabiwa, mbwa anaingia garini.

Lakini mtu anayejua akimtazama kinywani, ataona meno ya maziwa ndiyo kwanza yanatoka. Akimweka chini, ataona anatembea kwa kuyumba. Akimpa chakula, ataona anatafuta titi. Huyo hana miezi miwili. Ana wiki nne, labda tano. Na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa mbwa na kwa ile familia iliyomnunua kwa mapenzi.

Wengi wa hao wadogo wanakufa kabla hawajapewa hata jina la kudumu. Wale wanaopona wanakua na woga, na mbwa mwenye woga anauma. Hamuumi mwizi aliyeruka ukuta. Anamuuma mtoto wa nyumba aliyenyoosha mkono karibu na sahani yake. Ndiyo maana umri wa mtoto wa mbwa si jambo la matajiri wala la Wazungu. Ni jambo la usalama wa watoto wa Dilala na Manika, wa Luilu na Fungurume, na jimbo la Lualaba lingepaswa kuliwekea kanuni moja rahisi: mtoto wa mbwa asiuzwe wala asigawiwe kabla ya kufikisha wiki nane.

Mbwa wa Congo aliyefundisha dunia

Watu wengine watasema mambo haya ya wiki na miezi yameletwa na wageni. Ukweli ni kwamba mbwa wa Congo mwenyewe ndiye aliyesaidia kuyafundisha.

Katika misitu ya nchi hii kuna mbwa mdogo wa kuwinda, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni. Habweki kama mbwa wengine. Anatoa sauti kama ya mtu anayeimba, na ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele shingoni ili wajue amefika wapi porini. Ulaya na Marekani wanamuita basenji, jina linalotokana na neno lile la dharau ambalo wakati wa ukoloni liliitwa watu wa vijijini. Jike lake lina uzito wa karibu kilo 10 tu.

Wazungu walipompeleka kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya mbwa Uingereza, mwaka 1895, mbwa hao hawakudumu. Waliuawa na ugonjwa ambao madaktari wetu wanauita kwa Kifaransa ugonjwa wa Carré. Ni ugonjwa uleule unaowamaliza watoto wa mbwa Kolwezi hadi leo: makamasi, kuharisha, mwisho kutetemeka mwili mzima. Wakati ule haukuwa na chanjo. Leo inayo.

Miaka mingi baadaye, katika maabara ya Bar Harbor huko Marekani, wataalamu wawili, John Paul Scott na John Fuller, walifuatilia mamia ya watoto wa mbwa tangu kuzaliwa. Walichagua aina tano, na basenji alikuwa mmojawapo. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965, na hadi sasa ndicho msingi wa kila anayezungumzia hatua za ukuaji wa mbwa. Waliona kwamba basenji wa wiki tano, asiyezoeshwa watu, alikimbia, alilia, na akibanwa pembeni alijaribu kuuma. Lakini wakimshika kwa upole kila siku, alitulia haraka. Katika jaribio jingine la maabara hiyo, lililotangazwa mwaka 1961, watoto wa mbwa waliofungiwa uwanjani bila kuguswa na mtu hadi wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa pori. Hata walipofundishwa baadaye, hawakurudi kuwa mbwa wa nyumbani wa kawaida.

Maana yake ni hii: kati ya wiki ya tatu na ya 12 kuna mlango ulio wazi katika akili ya mbwa. Anachokiona na kukizoea wakati huo, anakihesabu kuwa sehemu ya dunia yake. Asichokiona, anakiogopa. Mlango ukifungwa, kuufungua tena ni kazi kubwa sana.

Wiki kwa wiki

Wiki mbili za kwanza mtoto wa mbwa ni kiziwi na kipofu. Anajua mambo mawili tu, joto na titi. Mwili wake bado hauwezi kujitengenezea joto la kutosha, na aliye mdogo wa umbo anapoteza joto upesi kuliko mkubwa. Mtu wa Kolwezi anajua baridi ya usiku wa Juni na Julai inavyouma. Kitunga chenye vitambaa vikavu, mbali na mlango, kinaokoa watoto wengi wa mbwa kuliko dawa yoyote. Lakini mbabula ya makala isiingizwe katika chumba kilichofungwa: moshi wake usioonekana unaua mbwa, na unaua watu pia.

Wakati huo huyo mama ndiye wa kutunzwa. Jike anayenyonyesha watoto wanne au watano anahitaji chakula kingi kuliko kawaida, na maji safi muda wote. Kumpa mabaki ya bukari mara moja kwa siku ni kuwanyima watoto wake maziwa.

Macho hufunguka karibu na siku ya 10 hadi ya 16, masikio karibu na wiki ya tatu. Hapo anaanza kusimama na kuanguka. Hapo pia ndipo dawa ya minyoo inapoanza, tangu wiki ya pili, ikirudiwa kila baada ya wiki mbili. Watu wengi wanashangaa: mtoto ambaye hajala kitu ametoa wapi minyoo? Ametoa kwa mama, hata kabla ya kuzaliwa. Na minyoo hiyo haibaki kwa mbwa. Mayai yake hukaa katika udongo wa lupango, pale watoto wanapochezea, kisha mikono inaingia mdomoni.

Kuhusu udongo wa Kolwezi kuna jambo jingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, mtaa ambako watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba zao, walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto ndio waliozidi. Vumbi ni njia mojawapo ya kuingia kwake. Mtoto wa mbwa anatambaa juu ya vumbi hilohilo, analilamba katika miguu yake, kisha anapandishwa kitandani na mtoto wa nyumba. Kumlaza kwenye sakafu iliyopigwa deki na kumfuta miguu si anasa.

Kati ya wiki ya tatu na ya nane kunatokea somo ambalo binadamu hawezi kulifundisha vizuri kama mbwa wenyewe. Ndugu wanacheza, wanaumana. Mmoja akiuma kwa nguvu, mwenzake analia na kuacha mchezo. Akimuuma mama titi, mama anamkemea au anaondoka. Polepole mtoto anajifunza kupima nguvu ya meno yake. Huyu anayeuzwa barabarani akiwa na wiki nne ametolewa shuleni siku ya kwanza ya masomo. Uchunguzi uliotolewa nchini Italia mwaka 2011 ulilinganisha mbwa waliotengwa na mama zao kati ya siku 30 na 40 na wale waliokaa hadi miezi miwili. Waliotengwa mapema walionekana kuwa na woga zaidi, kubweka kupita kiasi, kuharibu vitu, na kushindana na watu juu ya chakula na vitu vya kuchezea. Sheria ya Ufaransa inakataza kuuza mbwa mwenye chini ya wiki nane.

Chakula kigumu kinaanza taratibu karibu na wiki ya nne: uji laini uliochanganywa na ndakala zilizotwangwa au nyama iliyosagwa, bila chumvi, bila pilipili, bila kitunguu. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha wengi. Na kwa aina ndogo kuna hatari ambayo wauzaji hawaisemi: tumbo lao ni dogo na akiba yao ya sukari ni ndogo. Wakikosa chakula kwa saa nyingi, sukari inashuka, mbwa anatetemeka, anayumba kama mlevi, anazimia. Familia inadhani amelogwa au amepewa sumu. Mara nyingi ni njaa. Asali kidogo au maji ya sukari yakipakwa kwenye ufizi yanaweza kumrudisha, kisha apelekwe kwa daktari wa wanyama. Dawa ya kweli ni kumlisha mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili.

Wiki ya nane ndiyo safari ya nyumba mpya. Chanjo za kwanza, ile ya ugonjwa wa Carré na ile ya parvo, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Sindano moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyopewa na mama inaweza kuizuia isifanye kazi. Parvo ndiyo ile ya kuharisha damu, na virusi vyake vinaweza kukaa katika udongo kwa miezi mingi. Mwenye lupango ambamo mbwa alikufa kwa ugonjwa huo asikimbilie kuleta mwingine ambaye hajachanjwa.

Lakini kusubiri chanjo zimalizike si kumfungia ndani ya boksi. Mwezi huo ndio ule mlango ulio wazi. Abebwe mikononi, aone watoto, wazee, mtu mwenye kofia ya mgodi, pikipiki, lori, kuku, ngurumo ya mvua ya Novemba. Aguswe miguu, masikio na mdomo, kwa upole, dakika chache kila siku. Asiwekwe chini pale mbwa wasiojulikana wanapopita.

Kisha, akifika miezi mitatu, chanjo ya raji, yaani kichaa cha mbwa. Hii haina majadiliano.

Karibu na miezi minne meno ya maziwa huanza kung'oka, na mbwa hutafuna kila kitu. Apewe kitambaa kigumu, asipigwe. Tangu miezi sita jike anaweza kuita madume. Hapa wenye mbwa wadogo wawe macho: jike wa kilo tatu akipandwa na dume mkubwa wa mtaani, watoto wanaweza kushindwa kutoka, na mama akafa nao. Katika mwaka mmoja aina ndogo imemaliza kukua, wakati mbwa wakubwa bado wanaendelea. Alichokuwa wakati huo, ndicho atakachokuwa kwa miaka 12 au zaidi.

Wanaosema mbwa ni mbwa tu

Hoja tatu husikika kila mara. Zote zastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba mbwa akichukuliwa mapema anamzoea bwana wake zaidi. Si hivyo. Anayetoka katika wiki ya nane bado ana wiki nne za kuzoea watu, na zinatosha. Anayetoka katika wiki ya nne anaingia kwa bwana wake bila kujua kuwa mbwa, na mara nyingi akiwa na njaa na minyoo.

Ya pili ni kwamba mbwa lazima afungwe, apigwe, hata apewe pilipili, ili awe mkali na kulinda nyumba. Mtu akifikiria kidogo ataona kosa. Mlinzi mzuri ni yule anayejua nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni. Mbwa aliyelelewa kwa kipigo hajui tofauti hiyo. Anajua tu kwamba mkono wa mtu unaleta maumivu. Na mbwa wa aina ndogo kazi yake ni kutoa taarifa kwa sauti. Kwa kazi hiyo anahitaji masikio tu.

Ya tatu ndiyo nzito: watu wenyewe hawana dawa, hopitali zinakosa vifaa, vipi mtu azungumzie sindano za mbwa? Lakini hesabu inageuka ukiifanya mpaka mwisho. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu vinatokana na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wenye chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo kuna njia: kuosha kidonda palepale kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda haraka kupata chanjo, sindano kadhaa kwa siku kadhaa. Kwa familia ya mchimbaji wa mikono, safari hizo ni gharama inayouma. Sindano moja ya mbwa kwa mwaka ni gharama ndogo mno mbele yake. Maskini ndiye mwenye haja zaidi ya mbwa aliyechanjwa, kwa sababu ndiye asiyeweza kulipia kuumwa.

Tena mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa na ugonjwa huo. Udogo wake ndio unaodanganya watu. Mtoto akikwaruzwa na meno madogo kama sindano, mama anapaka mafuta na kusahau. Kidonda kidogo kinaoshwa kama kidonda kikubwa.

Nani afanye nini

Kazi ya kwanza ni ya mnunuzi, kwa sababu bila mnunuzi hakuna muuzaji. Aombe kumuona mama wa mbwa. Aangalie kinywa, tumbo, na mwendo. Aulize kitabu cha chanjo. Akiambiwa mama yuko mbali na kitabu kimepotea, aendelee na safari yake, hata mtoto wa nyuma ya gari akilia. Kumnunua mbwa wa wiki nne kwa kumhurumia ni kulipia wengine watano watolewe kesho.

Kazi ya pili ni ya wenye majike. Wiki nne zaidi za kulisha ni gharama, ndiyo. Lakini mbwa wa wiki nane, mwenye minyoo iliyoshughulikiwa na sindano ya kwanza, anastahili bei nzuri zaidi, na mnunuzi hatarudi na maiti mlangoni baada ya siku tatu.

Kazi ya tatu ni ya viongozi. Komini za Dilala na Manika zinaweza kupiga marufuku uuzaji wa mbwa wachanga barabarani bila kusubiri sheria kutoka Kinshasa. Jimbo linaweza kupanga siku za chanjo mtaa kwa mtaa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakatika njia. Lubumbashi, kilomita karibu 300 kutoka Kolwezi, chuo kikuu kina kitivo cha matibabu ya wanyama. Wanafunzi wake wanahitaji mahali pa kujifunzia kazi, na Lualaba ina mbwa wa kutosha. Chanjo inahitaji friji isiyozimika, kati ya nyuzi 2 na 8. Jimbo lenye mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke haliwezi kukosa friji moja ya uhakika kwa kila komini.

Na fedha? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za uchimbaji zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wanaoathiriwa na kazi zao. Shule na visima vina haki ya kwanza. Lakini wakaaji wanapokaa mezani kuchagua miradi, chanjo ya mbwa wa vijiji vyao iandikwe katika orodha. Sehemu itakayochukua ni ndogo sana, na watoto watakaofaidika ndio haohao wanaotembea asubuhi kwenda shule hizo.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kupambana na kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa anayezaliwa Kolwezi katika siku za mwisho za Juni atakuwa amefikisha miezi mitatu siku hiyo. Akiachwa kwa mama yake hadi mwisho wa Agosti, akishikwa kwa upole na watu wa nyumba yake mpya, akipata sindano yake siku hiyo, mtoto wa nyumba ataweza kulala karibu naye bila mzazi kuwa na wasiwasi. Yote hayo yanaanza kwa neno moja la baba aliyesimamisha gari: «Bado mdogo. Mrudishe kwa mama yake.»